Mwongozo kamili: Kujenga rodista ya zamani ya kukimbiza kwenye chumvi ya Bonneville bila kukataliwa na wakaguzi

Rodista (gari lisilo na paa) tatu nilizoombwa kuzitazama mwaka huu zilikuwa na ugonjwa mmoja. Injini imekamilika, imepakwa rangi, ukiiwasha mtaa mzima unatoka nje. Nyuma ya kiti kuna mabomba mawili yaliyochomelewa juu ya bati la sakafu. Wenyewe wanashangaa kwa nini mkaguzi alikunja karatasi zake kabla hata ya kufungua boneti.

Ni kuezeka paa kabla ya kusimika nguzo. Kwenye mbio hizi za kutafuta spidi ya juu kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, injini hufungwa mwisho. Wewe ndugu yangu uliyeko Salt Lake City, California au popote pale na karakana ndogo, fuata mpangilio huu kama ulivyo, hata kama mkono unawasha kushika kabureta.

Nimechagua gari rahisi kuliko yote: bodi ya Ford Model A ya 1928 hadi 1931, isiyo na paa, na injini ya silinda nne. Inaingia kwenye daraja la injini za zamani za silinda nne, linaloandikwa V4 kwenye kitabu cha sheria cha SCTA, chama kinachoendesha mbio za Bonneville kule Utah na za ziwa kavu la El Mirage kule California.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukata chuma

- Kitabu cha sheria cha SCTA cha mwaka huu. Cha mwaka jana kitakuponza.
- Bodi ya rodista, ya bati au ya faiba.
- Fremu ya Model A, au ya kutengenezwa kwa vipimo vyake.
- Bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo cha inchi 1⅝ (milimita 41), unene wa ukuta inchi 0.120 (milimita 3). Nunua mita za kuzidi. La kwanza utalikunja vibaya.
- Kiti cha mbio cha chuma au alumini, mikanda ya mbio, mikanda ya kuzuia mikono, helmeti, suti isiyoshika moto, glavu na viatu vyake.
- Mtungi wa kuzimia moto wa kufungwa ndani ya gari, wenye mabomba yake.
- Ekseli ya mbele ya Ford ya zamani, na difu ya Ford ya inchi 9.
- Breki za mafuta. Zile za fimbo za Model A ziweke makumbusho.
- Injini ya Model A, au bora zaidi Model B ya 1932, na giaboksi yake.
- Tangi dogo la mafuta la mbio, swichi kuu ya umeme, betri ya volti 12.
- Mashine ya kuchomelea na mtu anayeijua. Kama welding yako ni ya mageti, lipa fundi.

## Hatua ya 1: Chagua daraja, kisha mpigie mkaguzi simu

Fungua kitabu usome madaraja ya rodista. Bodi zinazokubalika ni za rodista za kiwanda cha Marekani za miaka ya 1923 hadi 1938, na madaraja ya kawaida hayataki mbwembwe za kupasua upepo: hakuna pua iliyochongoka, hakuna bati la kufunika tumbo la gari ili hewa iteleze. Kuna daraja la mafuta ya petroli ya kawaida na la mafuta ya kuchanganya. Anza na petroli.

Andika daraja lako kwenye karatasi uibandike ukutani. Kila kifaa unachotaka kuongeza kipite mbele ya karatasi hiyo. Nimemwona mtu akitengeneza pua nzuri ya alumini kwa miezi miwili, halafu pua hiyohiyo ikamsukuma hadi daraja ambalo rekodi yake hangeigusa hata kwa injini ya ndege.

Kabla ya kununua bomba, zungumza na wakaguzi wa chama. Wanapokea maswali, na wanapenda zaidi kujibu swali kuliko kukataa gari.

## Hatua ya 2: Kaa kwenye kiti, jenga keji kukuzunguka

Keji ni kizimba cha mabomba kinachomkinga dereva gari likipinduka. Hapa ndipo karibu wote wanaanguka.

Weka kiti mahali pake kwenye bodi, kwa skrubu za muda. Vaa suti, vaa helmeti, kaa. Mwambie mwenzako apime kutoka sakafuni hadi juu ya helmeti, na upana wa helmeti pande zote mbili. Vipimo vinavyochukuliwa ukiwa umevaa fulana na kichwa kitupu ni vya uongo. Gari langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu hiyo: keji ilikuwa safi, welding safi, lakini nilipokaa na helmeti kichwa kilipita bomba la juu kwa upana wa vidole viwili. Gari likipinduka, kinachobeba uzito ni shingo yako. Nilikata sehemu yote ya juu na kuanza upya, na kuikata keji uliyoichomelea mwenyewe ni kama kumkata kuku uliyemlea.

Mpangilio wa mabomba:

1. Upinde mkuu nyuma ya kichwa, umesimama juu ya fremu. Si juu ya bati la sakafu wala juu ya bodi. Bati hupasuka, na keji nzima huzama kama msumari kwenye embe.
2. Upinde wa mbele kwenye dashibodi, umeunganishwa na ule mkuu kwa mabomba ya pembeni juu na chini.
3. Mabomba mawili ya nyuma yanayoegemea fremu, yakizuia upinde mkuu usilale.
4. Bomba la kukingama nyuma ya mabega, kwa ajili ya mikanda.
5. Vibamba vya pembetatu kwenye viungo vikubwa.

Mikanda ya mabega itoke nyuma yako ikiwa sawa na bega au chini yake kidogo tu. Ikishuka sana hadi sakafuni, ajali ikitokea itakukandamiza uti wa mgongo kuelekea chini.

Usisage welding ikawa laini. Mkaguzi anataka kuona mshono wenyewe, na kuusaga kunapunguza chuma. Toboa pia tundu dogo mahali pasipobeba mzigo ili unene wa ukuta wa bomba upimwe; ukisahau, mkaguzi anayo drili.

Umefaulu ikiwa umekaa na kila kitu mwilini, mtu akakutikisa helmeti kwa nguvu, na haitoki nje ya mabomba wala haigongi chuma kisicho na sponji ya mbio. Na mikono yako, ikiwa imefungwa kwa mikanda yake, haifiki nje ya keji, ingawa bado inashika usukani, swichi na kamba ya mtungi wa kuzimia moto.

## Hatua ya 3: Fremu inyooke, ifungwe, ipumue

Reli za fremu ya Model A ni chuma chembamba chenye umbo la mfereji, upande mmoja wazi. Kilitosha kwa injini ya nguvu za farasi 40 kwenye barabara za vumbi. Kwa kazi yetu, funga upande ulio wazi kwa bamba la chuma, ukichomelea vipande vifupi huku na huku ili joto lisiipinde.

Kabla na baada ya kuchomelea, pima mishazari: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3, simama. Umbali wa kiwandani kati ya ekseli mbili ni inchi 103.5, yaani mita 2.63. Upande wa kulia na wa kushoto lazima viwe sawa. Fremu iliyopinda huendesha gari kama kaa, na kwenye chumvi utaijua saa mbaya.

Toboa matundu ya kutolea maji chini ya kila reli uliyoifunga. Usiulize kwa nini sasa, tutafika.

## Hatua ya 4: Uzito mbele, kama mshale

Mshale hunyooka kwa sababu chuma kiko mbele na manyoya yako nyuma. Rodista nayo ni hivyo. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma ya mahali upepo unaposukumia, gari litataka kugeuka litangulize mkia, na kwenye chumvi hakuna lami ya kulishika.

Kwa hiyo injini ikae mahali pake pa kiwandani au karibu nayo, betri na uzito wa ziada viende mbele kadiri sheria za daraja zinavyoruhusu. Ndiyo, uzito wa ziada. Hii si mbio ya robo maili. Una maili mbili na zaidi za kuongeza mwendo, na chumvi inateleza, kwa hiyo tairi za nyuma zinahitaji kukandamizwa pia. Watu hufunga vyuma na risasi kwa makusudi. Kila kipande kifungwe kwa bolti kwenye fremu. Mfuko wa mchanga ni sababu tosha ya kurudishwa nyumbani.

Ekseli ya mbele ilaze nyuma kwa juu, yaani kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) ziegemee nyuma kwa nyuzi 10 au zaidi. Ya kiwandani ilikuwa nusu ya hapo. Usukani utakuwa mzito ukiegesha, na utanyooka wenyewe ukikimbia, kama magurudumu ya mbele ya kigari cha sokoni yanavyofuata yakivutwa. Kila bolti ya stelingi iwe na nati ya kujifunga au pini ya miguu miwili (split pin). Ukiinua mbele kwa jeki na kushika gurudumu juu na chini, usisikie "tik" hata moja.

## Hatua ya 5: Tairi, valvu na difu

Tumia rimu za chuma. Zile za spoku nzuri za Model A ziache kwa harusi. Tairi ziwe zimeidhinishwa kwa spidi iliyo juu ya ile unayoitafuta, na tarehe yake ya kutengenezwa uisome.

Valvu ziwe za chuma, na kofia zake za chuma. Inaonekana jambo dogo. Gurudumu likizunguka kwa kasi, ile sindano ndani ya valvu husukumwa nje kutoka katikati ya gurudumu, na kofia ya plastiki haiizuii. Upepo ukitoka kwa spidi hiyo, tairi huchomoka kwenye rimu.

Difu ya inchi 9 nimeichagua kwa sababu moyo wake unatoka kwa mbele, kwa hiyo unabadili uwiano wa gia jioni moja palepale kambini. Uifunge ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja; la sivyo moja litasota kwenye chumvi na jingine litalala.

Hesabu ya spidi ni hii:

Kilomita kwa saa = mizunguko ya injini kwa dakika × kipenyo cha tairi kwa mita × 0.1885 ÷ uwiano wa difu, gia ya juu ikiwa moja kwa moja.

Tairi ya inchi 28 ni mita 0.711. Injini ikizunguka mara 4,000 na difu ya 3.00, unapata karibu 179. Toa asilimia 5 za kusota kwenye chumvi, ubaki na 170. Kwa difu ya kiwandani ya 3.78 ungeishia 142 kabla hujatoa chochote. Fanya hesabu hii kabla ya kununua gia, na uifanye kwa mizunguko ambayo injini yako inafika kweli ikiwa na mzigo. Ile uliyosomewa dukani haikuhusu.

## Hatua ya 6: Breki, mafuta, umeme

Breki ni kwa ajili ya kupunguza mwendo taratibu baada ya kupita sehemu inayopimwa spidi. Ukizikanyaga kwa hasira kwenye chumvi utazunguka kama pia. Kanuni ya dereva: acha kichapuzi taratibu, subiri, kisha gusa. Gari likifikia madaraja ya maili 175 kwa saa kwenda juu, parashuti ni lazima. Rodista yetu ya silinda nne haitafika huko mwanzoni.

Tangi la Model A la 1928 hadi 1931 liko mbele ya dereva, ni sehemu ya bodi yenyewe, juu kabisa ya magoti. Petroli inashuka kwa uzito wake tu hadi kwenye kabureta. Liondoe. Acha bati la nje kwa sura, ndani weka hewa. Tangi la mbio liwe mbali na dereva, kukiwa na ukuta wa bati usio na tundu kati yenu.

Swichi ya kukata umeme, koki ya kufunga mafuta na kamba ya kuzima moto vyote vifikike ukiwa umefungwa mikanda yote. Jaribu ukiwa umefumba macho. Moshi hautakusubiri usome maandishi.

Kichapuzi kiwe na springi mbili za kukirudisha, na kamba ya ngozi au chuma juu ya kanyagio ili uweze kukivuta kwa kidole cha mguu kikikwama.

## Hatua ya 7: Sasa, injini

Upepo unakula nguvu kwa ukali kuliko watu wanavyodhani: spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotakiwa kuupasua inaongezeka mara nane. Chukua gari ambalo ukizidisha mgawo wake wa ukinzani wa hewa na eneo lake la mbele unapata mita mraba 1, kwenye hewa nyepesi ya Bonneville. Kwa kilomita 160 kwa saa linataka karibu farasi 59. Kwa 200 linataka 115. Na hapo bado hujalipa kodi ya tairi, difu na chumvi laini.

Model A ya kiwandani hutoa farasi 40, Model B 50, zote za lita 3.3. Kwa hiyo lengo la busara la mara ya kwanza ni farasi 80 hadi 100, kwa njia hizi, kwa mpangilio huu:

1. Chini kwanza. Beringi za zamani ni za babiti (metali laini) iliyomiminwa, na oili ya Model A huzifikia kwa kuteremka na kurushwa. Weka beringi za kisasa na usukume oili kwa pampu. Model B inakuanzishia mbele: shingo za krenki ni nene na beringi kuu zinapata oili ya presha.
2. Balansi. Krenki ina beringi kuu tatu tu, inapinda ikizungushwa sana. Ibalansiwe pamoja na flaiwili na klachi.
3. Flaiwili ya chuma cha kufua. Ya zamani ni chuma cha kumimina, inakaribia kilo 30. Ikipasuka, vipande vyake hupita miguuni kwako. Weka ya mbio, na kinga ya chuma kuizunguka klachi.
4. Silinda hedi. Mgandamizo wa kiwandani ni 4.22 kwa 1. Hedi ya 6 au 7 kwa 1 ndiyo inayobadili kila kitu.
5. Kemshafti, kabureta mbili, ekzosi ya mabomba manne. Hapo tu.

Bonneville iko karibu mita 1,286 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Agosti hewa hujifanya iko juu zaidi. Jeti za kabureta (vitundu vinavyopima petroli) ulizozipanga ukiwa San Diego zitatoa mafuta mengi mno huku. Beba seti ndogo zaidi, lakini shuka hatua moja moja ukisoma plagi: kahawia isiyokolea ni salama, nyeupe ni pistoni inayoyeyuka. Hapa injini inabanwa zaidi ya dakika nzima bila kupumua. Barabarani hakuna kitu cha namna hiyo.

Elekeza mdomo wa hewa mbali na magurudumu ya mbele, yanarusha chumvi kama mashine ya kusaga.

## Hatua ya 8: Jikague mwenyewe, wiki mbili kabla

Tumia fomu ya ukaguzi iliyo kwenye kitabu. Mpe mtu asiye rafiki yako sana aisome, wewe uoneshe. Kisha fanya zoezi la kutoka: umefungwa kila kitu, mtu aseme "moto", utoke bila kusaidiwa. Rudia hadi mikono ifanye bila kuulizwa. Utaombwa uoneshe.

## Hatua ya 9: Kwenye chumvi

Speed Week, wiki ya mbio za SCTA hapo Bonneville, hufanyika Agosti, karibu na Wendover, kiasi cha maili 110 magharibi ya Salt Lake City. Usinunue tiketi za familia nzima mapema: 2014, 2015 na 2022 ilifutwa kwa sababu ya maji na hali ya chumvi. El Mirage, yenye njia ya maili 1.3 juu ya udongo mkavu, ni mahali pazuri pa kujifunzia karibu na nyumbani kwa wale wa California.

Tandika turubai chini ya gari kambini. Tone la oili kwenye chumvi ni kosa. Vaa miwani na ujipake mafuta ya jua hadi chini ya kidevu. Mwanga unapiga kutoka chini pia.

Mbio yako ya kwanza si ya rekodi. Leseni hupanda ngazi kwa ngazi, na ukizidi spidi ya ngazi yako hupati sifa, unapata maelezo ya kutoa. Ukishafika juu, ukapita rekodi iliyopo, gari linawekwa eneo la kufungiwa, na asubuhi inayofuata unakimbia tena. Wastani wa mbio mbili ndio unaohesabiwa.

Dalili ya gari lililojengwa vizuri: mikono yako imelegea kwenye usukani, gari linayumba kidogo kama ngalawa kwenye upepo wa matlai, na halihitaji kusahihishwa.

## Hatua ya 10: Osha usiku huohuo

Usisubiri ufike nyumbani. Tafuta sehemu ya kuosha magari Wendover, ingia chini kwa bomba la presha, na usiache upande wa ndani wa rimu, ngoma za breki, na juu ya tangi. Ukifika karakana, rudia kwa maji ya uvuguvugu, kisha tenganisha viunganishi vya umeme uvipake grisi.

Halafu inua gari upande mmoja kwa jeki, na uingize mpira wa maji ndani ya zile reli za fremu ulizozifunga. Yale matundu ya hatua ya 3 yatatema maji meupe kama tui. Endelea hadi yatoke safi, na uonje ukiwa na shaka.